Amplifaya ya gari inalia, inavuma, inapiga "pu": maswali mnayouliza kila siku

Haya maswali nayapata karibu kila siku, mengine kwa simu, mengine mtu kasimamisha gari nje na boneti keshaifungua, na majibu ni yale yale, basi nimeyaweka pamoja hapa. Yapo ya watu wa Mjini na Fuoni huku Unguja, yapo ya watu wa Chake na Wete kule Pemba ambao kifaa kikiharibika mpaka usubiri boti. Moja nalitanguliza: usinunue chochote mpaka ujue kelele inaingilia wapi. Watu wanabadilisha amplifaya nzima, wanabadilisha na redio, kumbe ni bolti moja imeliwa na kutu huko ndani ya buti.

Nikikanyaga mafuta spika zinalia "wiiii", nikiachia mlio unashuka. Nini hichi?

Hiyo ni altaneta unayoisikia. Altaneta inatengeneza umeme wa kupanda na kushuka (AC), ndani yake mna daiodi ambazo kazi yao ni kuunyoosha uwe umeme wa betri (DC), lakini haunyooki wote, unabakia na vijimawimbi. Injini ikizunguka haraka na vijimawimbi vinakwenda haraka, ndo maana mlio unapanda na mafuta. Sasa vijimawimbi hivyo vimo kwenye kila gari, mpya na kuukuu, kuwepo kwake si ugonjwa. Ugonjwa ni kwamba kwako vimepata njia ya kuingia kwenye muziki.

Na njia yenyewe mara nyingi ni hii: redio ina ethi yake (waya wa hasi unaofungwa kwenye chuma cha bodi) kule dashibodi, amplifaya ina ethi yake huku buti, na baina ya pahala hapo pawili pana tofauti ndogo ya volti, ndogo sana, milivolti tu. Halafu redio na amplifaya zimeunganishwa tena kwa wavu wa nje wa waya za RCA, zile zinazopeleka muziki kutoka redio kwenda amplifaya. Umeme ukikuta ethi ya huku mbovu unatafuta pa kupita, unajipitia kwenye wavu wa RCA, na ukipita huko unaingia na makelele yote ya altaneta, na amplifaya haijui kama hii ni kelele au taarab, yenyewe inakuza tu.

Sasa nitajuaje inaingilia wapi?

Hapa ndo penye kazi, na hapataki pesa, panataka subira.

Washa injini, shusha sauti ya redio mpaka sifuri, sikiliza. Kama kelele inapanda na kushuka pamoja na sauti, basi imeingia kabla ya kitasa cha sauti, yaani kwenye simu, Bluetooth, AUX au FM, amplifaya iache, haina kosa. Kama kelele imekaa pale pale hata sauti ikiwa sifuri, imeingia baada ya hapo, endelea.

Zima kila kitu, chomoa RCA upande wa amplifaya, washa tena. Kelele ikiondoka ujue inapitia kwenye RCA: ama waya wenyewe, ama redio, ama tofauti ya ethi ya huku na ya kule. Kelele ikibakia usikimbilie kusema amplifaya imekufa, kwa sababu nyengine zikiachwa matundu wazi zinavuma zenyewe. Chukua kichwa kibovu cha RCA, unganisha ule msumari wa kati na chuma cha nje, kichomeke kwenye tundu la amplifaya, vyote viwili kushoto na kulia. Hapo amplifaya inasikia kimya kitupu. Kama bado inalia basi tizama umeme wake, ethi yake, waya za spika kama umo uliochunika unagusa bodi, na la mwisho kabisa ndo amplifaya yenyewe.

Kisha lipo jaribio ninalolipenda zaidi ya yote. Tafuta waya wa AUX kwenda RCA, wa bei rahisi tu, chomeka simu moja kwa moja kwenye amplifaya, simu iwe haiko kwenye chaji na haigusi kitu cha gari. Muziki ukitoka safi injini ikiwa inawaka, basi amplifaya na umeme wake umeshavisamehe, rudi mbele kwenye dashibodi. Hapo chukua RCA nyengine, ipitishe juu ya viti bila kufungua kapeti, kutoka redio mpaka buti. Ikiwa safi, RCA ya zamani ndo mbaya au imelazwa pahala pabaya. Ikilia vile vile, shika redio.

Na kwa redio, chomoa waya wa antena. Kelele ikiondoka maana yake redio haina ethi ya maana, ilikuwa inajishikiza kwa wavu wa antena. Hiyo naikuta sana kwenye gari ambazo redio imebadilishwa mara nyingi na kila fundi kakata waya kwa namna yake.

Lakini ethi yangu fundi kaitizama kasema nzuri.

Kaitizama kwa macho au kwa mita?

Sisi tuko kisiwani, hewa yenyewe ni chumvi. Gari inayolala Nungwi au Paje au Mkoani karibu na bandari, ethi iliyofungwa ikawa safi haichukui muda mrefu imeshaota kutu chini ya nati, na shaba ya waya imegeuka kijani, na kwa juu huoni kitu maana rangi na tepu vimeficha. Mbaya zaidi ni gari zinazobeba samaki. Maji ya samaki yanashuka chini ya kapeti, yanatuama kwenye shimo la tairi la spea, na mafundi wengi ethi wanaipiga pale pale. Ukimkuta mtu anachukua samaki Malindi pale Mjini kila asubuhi na amplifaya inalia, usipoteze muda, nyanyua kapeti kwanza.

Kuipima, kile kipimo cha omu hakitoshi. Mita inapitisha umeme kidogo sana, waya ukiwa umebakia na uzi mmoja utasoma vizuri tu. Pima volti. Weka mita kwenye 20 za DC, waya mweusi kwenye hasi ya betri, mwekundu kwenye tundu la ethi la amplifaya (waya wa mita haufiki, urefushe kwa waya wowote), washa injini, pandisha muziki mpaka besi ipige haswa. Ikisoma chini ya 0.1 ethi yako safi. Ikipita 0.5 basi fundi wako kakwambia uongo, au hakujua.

Kuitengeneza: tafuta chuma kinene cha bodi, si bati jembamba, kwangua rangi kwa msasa mpaka chuma king'ae, waya uwe na kichwa cha duara kilichominywa vizuri si kuzungushiwa kwenye bolti kwa mkono, tia washa yenye meno, kaza. Ukishakaza ndo unapaka grisi au vaselini kwa juu, au rangi, chumvi isiingie. Grisi usiitie katikati ya kichwa na bodi ukasema unazuia kutu. Waya wa ethi uwe mnene sawa na ule wa chanya, na mfupi, nusu mita inatosha. Bolti za mkanda wa kiti usizitumie hata kama ziko karibu, zile zimewekwa zikuzuie usitoke kwenye kioo. Ukiwa na amplifaya mbili zifunge bolti moja.

Na usisahau kule mbele. Waya wa hasi ya betri kwenda bodi, na wa injini kwenda bodi, hizo mbili ndo mama wa ethi zote, na kwenye gari kuukuu zimeoza. Unaweza ukahangaika na buti wiki nzima na tatizo liko chini ya boneti.

Dukani wameniambia ninunue filta, inamaliza kelele yote. Kweli?

Inanyamazisha, haitibu. Kile kidude cha kuchomeka baina ya RCA ndani yake mna transfoma ndogo, inakata ule mzunguko wa ethi, mlio unaondoka, lakini zile za bei rahisi zinakula besi pia, unajikuta umenunua sabufa ya nguvu halafu umeifunga mdomo. Ni sawa na mtu ana malaria ukampa panadol. Mimi siikatai moja kwa moja, ipo gari ambayo huwezi kuivua dashibodi yote kwa ajili ya mlio mdogo, tia filta maisha yaendelee. Ila kwanza tafuta ethi.

Na kapasita? Ile kubwa ya farad 1 yenye namba zinawaka.

Ile kazi yake ni volti zisianguke ghafla besi ikipiga, na hata kwa hilo ni kidogo tu. Mlio wa altaneta haiugusi. Inapendeza kuitizama, hilo nakubali.

Kelele yangu haipandi na injini, ni "ssss" tu muda wote, hata gari ikiwa imezimwa.

Geini hiyo. Kile kitasa kwenye amplifaya watu wanakidhania ni sauti, wanakizungusha mpaka mwisho wakisema wapate nguvu yote. Geini ni ya kuilinganisha amplifaya na redio. Redio nyengine inatoa volti 2 kwenye RCA, nyengine 4, nyengine 5. Ukiwa na redio ya volti 4 na geini umeifungua kama ya volti 0.2, amplifaya inakuza mpaka pumzi ya redio.

Ya kienyeji: shusha geini yote, besi busti na ikolaiza ziwe sifuri, pandisha redio mpaka kama robo tatu ya sauti, weka wimbo unaoujua vizuri, halafu pandisha geini pole pole mpaka usikie sauti inaanza kukwaruza, rudi nyuma kidogo, acha hapo.

Ya mita: ondoa spika, cheza toni ya 50 Hz kwa sabufa, kwa spika za mbele cheza ya 400 Hz kwa sababu hizi mita za njano za bei rahisi hazisomi sawa toni za juu, pima volti za AC kwenye matundu ya spika. Hesabu ni wati mara omu, kisha kipeuo chake cha pili. Amplifaya ya wati 100 kwa omu 4 unapata 400, kipeuo chake 20, basi pandisha geini mpaka mita isome volti 20 usipite. Wati 50 kwa omu 4 ni 14 na kidogo. Tumia wati za kweli zilizoandikwa kwenye karatasi, si zile za kwenye boksi, maana siku hizi boksi linasema wati 5000 na fyuzi iliyomo ni ya ampea 30. Ampea 30 kwa volti 14 hata wati 450 hazifiki, hizo nyengine zinatoka wapi?

Nikiwasha redio inapiga "pu" kubwa, na nikizima pia.

Angalia waya wa rimoti, ule mwembamba unaoiamsha amplifaya. Ukiwa umefungwa kwenye ACC ya swichi (umeme unaokuja ukizungusha ufunguo) badala ya redio, amplifaya inaamka kabla redio haijatulia, na ikizimwa redio inakata kwanza na amplifaya bado macho, inasikia ule mshtuko. Fundi kafanya hivyo ama kwa uvivu ama redio haina waya wake. Kwenye redio nyingi za kununua waya wake ni wa buluu wenye mstari mweupe. Ule wa buluu mtupu ni wa kupandishia antena, ukiufunga huo kwenye baadhi ya redio amplifaya itaimba ukiwa FM tu, ukenda Bluetooth kimya, na mtu anakuja kuniambia amplifaya haipendi Bluetooth.

Waya huo hauna nguvu kubwa, ampea moja haifiki. Ukiwa na amplifaya mbili na feni na taa za urembo zote zinanyonya hapo, weka rilei, ile swichi inayowashwa kwa umeme mdogo.

Simu ikiwa kwenye chaji na AUX inalia, nikichomoa chaji inanyamaza.

Hii rahisi na inawasumbua wengi. Chaji ya kwenye tundu la sigara ina ethi yake, AUX ina ethi yake, simu imekaa katikati, ndo ule mzunguko wa mwanzo umezaliwa upya kwa mdogo wake. Na zile chaji za mitaani ndani hazina hata kitu cha kuchujia. Tumia Bluetooth, au chaji simu kwa pawabenki wakati unasikiliza. Kama hutaki, hapa ndo pahala pekee ninaposema filta ya AUX nunua bila ya kufikiri.

Mimi kelele iko kwenye FM tu, Bluetooth safi kabisa.

Gari ya Japan? Nilijua. Redio ya Japan FM yake inaanzia 76 na zile za zamani zinaishia 90, sisi huku stesheni zetu ziko baina ya 88 na 108, kwa hiyo wanaweka kile kiboksi cha kubadilisha mawimbi kwenye waya wa antena. Kiboksi kile kinataka umeme, na wengi wanakichukulia umeme popote panapowaka, bila ethi ya maana, matokeo yake stesheni ya ZBC unaisikia na altaneta nyuma yake. Kipe ethi yake kwenye bodi, na kichwa cha antena kisiwe kinacheza. Kama imekushinda badilisha redio, utapumzika na shida ya kusoma Kijapani pia.

Kitu chengine cha FM ni taa za LED na HID za bei rahisi. Washa na uzime taa huku unasikiliza, utajua mara moja.

Inapiga "tik tik tik".

Kama inafuata injini, ni moto wa plagi. Waya za plagi kuukuu zinavuja, na ukifungua boneti usiku pahala pa giza unaweza ukaona cheche zake. Tia waya mpya na plagi zenye rizista ndani. Kama inafuata indiketa au waipa, RCA yako imelazwa juu ya waya za gari. Kama inalia hata injini ikiwa imezimwa lakini swichi iko ON, sikiliza pampu ya mafuta.

"Didit didit didit" halafu simu inalia.

Simu yako ikiwa kwenye 2G inatuma kwa kukatakata, mara 217 kwa sekunde, na amplifaya inaisikia. Isogeze mbali na RCA na redio. Mashamba ambako mtandao mdogo utaisikia zaidi, simu inapiga kelele kwa nguvu kuutafuta mnara.

RCA niziweke upande gani wa gari?

Upande ambao waya wa betri haupo. Waya wa chanya ukipita kwa dereva, RCA ipite kwa abiria. Zikilazimika kukutana zikatane msalaba, zisilale pamoja. Sitaki kusema zaidi, ila nikwambie tu kwamba watu wanalaumu sana njia ya waya wakati kosa ni ethi. Ethi ikiwa safi hata RCA ikilala vibaya mara nyingi husikii kitu.

Nilichomoa RCA muziki unaendelea, ikapiga cheche kidogo, tokea hapo inalia sana kuliko mwanzo.

Ndo ile sababu niliyosema zima kwanza. Baadhi ya redio kwenye njia ya ethi ya RCA zina kifyuzi kidogo sana ndani ya bodi ya saketi, wavu wa RCA ukigusa umeme au amplifaya ikikosa ethi yake hata sekunde moja, umeme wote unapita hapo na kinaungua. Redio inaimba kama kawaida lakini mlio wa altaneta unajaa gari.

Kupima: chomoa RCA zote, weka mita kwenye ile ya kupiga "piii", gusa chuma cha nje cha tundu la RCA la redio na bodi ya chuma ya redio yenyewe. Kwenye redio za aina hiyo isipolia kifyuzi kimekwenda. Fundi wa elektroniki mwenye mkono mzuri anaweza kukibadilisha. Asiyekuwa naye anafunga kipande cha waya kutoka chuma cha nje cha RCA kwenda kwenye bodi ya redio, na mlio unaondoka. Si kazi ya kujivunia lakini nimeziona gari zinakwenda miaka na huo waya.

Na ili lisikupate: ukifunga amplifaya anza na ethi, kisha chanya, RCA mwisho. Ukiifungua, RCA inatoka mwanzo na ethi mwisho. Na hasi ya betri iwe imefunguliwa muda wote huo.

Redio yangu ni ile ya kuja na gari, haina RCA. Tumevuta kutoka kwenye waya za spika.

Inawezekana, ila lazima amplifaya iwe na tundu za waya za spika au utumie kibadilishaji cha waya za spika kwenda RCA. Kosa ninaloliona ni fundi anachukua hasi za spika anazifunga pamoja au anazipiga ethi. Redio nyingi za siku hizi hasi ya spika si ethi, ina umeme wake, ukiipiga bodi inavuma, ikikuchokea inaungua.

Nina Coaster ya volti 24, amplifaya ni ya 12. Nimevuta kutoka betri moja, ni sawa?

Si sawa, na inaweza kuwa hatari. Ukivuta kutoka betri moja, moja inachoka na nyengine inachajiwa kupita kiasi, zote mbili zinakufa mapema. Na kama umeshika ile betri ya juu, hasi yake si ethi, iko volti 12 juu ya bodi. Siku utakapounganisha RCA na redio yenye ethi ya bodi, au bolti ya amplifaya ikagusa chuma, utaona moshi kabla hujasikia muziki. Tumia konveta ya 24 kwenda 12 yenye ampea za kutosha. Za bei rahisi zinatia kelele zao wenyewe, mlio mwembamba usiofuata injini, kwa hiyo iweke mbali na redio na ethi zake zote zirudi pahala pamoja.

Daladala yangu ina bodi ya mbao, amplifaya imefungwa kwenye ubao.

Basi ethi iende kwenye chesi, chini, chuma kinene. Usiifunge kwenye bati la pambo wala msumari. Waya utakuwa mrefu kidogo, basi uwe mnene zaidi. Na pale chini kuna matope na maji ya chumvi, kila ukipeleka gari kuoshwa mwambie kijana asilenge bomba hapo.

Waya zangu ni nene kama kidole, lakini taa zinapepesa na sauti inakwaruza besi ikipiga.

Chuna waya uone ndani. Nyingi zinazouzwa ni plastiki nene na waya wa kati kama wa pasi, na wenyewe ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua uzi mmoja kwa kisu, ukitoka mweupe ni alumini. Alumini inafanya kazi lakini lazima iwe nene zaidi, na kwa hewa yetu inaoza kwenye viungo kabla ya shaba. Kisha pima betri: injini imezimwa iwe kama 12.6, inawaka iwe baina ya 13.8 na 14.4. Ikianguka chini ya 12 kila besi ikipiga, amplifaya inakosa chakula, na kukwaruza kule ndo kunakoua spika. Fyuzi iwe karibu na betri, sentimita 45 zisipite, maana waya ukichunika njiani bila fyuzi gari inawaka moto.

Kama sauti inakwaruza hata kwa sauti ndogo, sukuma koni ya sabufa kwa vidole taratibu na sawasawa. Ukisikia inasugua, koili imeungua au imepinda, hapo hakuna waya utakaokusaidia.

Nitajuaje kama altaneta yenyewe ndo mbovu?

Mlio unakuwa mkubwa ghafla ingawa hujagusa kitu, ukiwasha taa na kiyoyozi unazidi, na betri inaanza kuchoka. Daiodi moja ikifa vile vijimawimbi vinakuwa vikubwa. Pima volti za AC kwenye betri injini ikiwaka na taa zimewashwa, ikikaribia volti 0.5 mpelekee fundi wa altaneta. Lakini mita za njano hazifai kwa kazi hii, AC yao inaanzia 200 na nyengine zinachanganya DC ndani yake, zinaweza kukusomea 28 ukapata maradhi ya moyo. Azima mita nzuri.

Besi ikipiga kuna kitu kinatetemeka "trrrr".

Namba za gari. Au kifuniko cha buti, au mabati ya mlango, au shilingi mia iliyoanguka kwenye dashibodi. Mtu mmoja akae nyuma ashike kitu kimoja kimoja kwa mkono huku muziki unapiga. Namba tia kipande cha mpira nyuma yake, mlango tia ile karatasi ya mpira yenye gundi na foili juu.

Tunaitumia amplifaya ya gari maskani kwa pawa saplai ya kompyuta, inavuma "mmmm" bila kuacha.

Huo ni umeme wa nyumbani, mawimbi 50 kwa sekunde, si altaneta. Mara nyingi muziki unatoka kwenye TV au laptopu iliyo kwenye chaji, na pawa saplai iko kwenye soketi nyengine, na ethi za nyumba zetu nyingi ni za jina tu. Chomoa chaji ya laptopu usikilize. Mvumo ukiondoka chomeka vyote kwenye ekstensheni moja, au cheza kwa Bluetooth. Usikate mguu wa ethi wa plagi kama wanavyofundishana vijana, mvumo utaondoka na siku moja ile bodi ya chuma ya pawa saplai itakupiga umeme. Kama haujaondoka, ifunge amplifaya kwa betri ya gari peke yake bila pawa saplai. Ikiwa kimya, pawa saplai ndo yenye kosa, huenda kapasita zake zimekauka, tafuta nyengine.